Waziri Mkuu wa Kusadikika

Kusadikika, kitabu alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1951, kimekwisha kupita mikononi mwa vizazi vingi vya wanafunzi, na kila kizazi kimekipokea pamoja na maelezo yaliyokwisha kutayarishwa. Maelezo hayo ni kwamba nchi ile iliyo angani ni Tanganyika chini ya Waingereza. Kwamba watawala wake ni wakoloni, Karama ni mzalendo, na wajumbe sita ni watu waliothubutu kusema. Sina ugomvi na ufasiri huu, mradi usiwe ndio mwisho wa usomaji. Walakini una dhara moja. Unatupa ruhusa ya kukifunga kitabu usiku wa tarehe 9 Desemba 1961. Mkoloni amekwenda zake, basi na Majivuno amefuatana naye merikebuni. Makala haya yanakusudia kumzuia Majivuno gatini, tumtazame vizuri kabla hajapanda. Maana yeye hakuwa gavana, wala hakuwa mfalme. Cheo chake ni Waziri Mkuu.

Jambo hili hupitwa kwa wepesi wa ajabu. Wahakiki hutaja cheo cha Majivuno mara moja katika orodha ya wahusika, kisha wakaendelea kumwita mtawala, au dhalimu, au adui wa Karama. Lakini mtungaji aliyechagua majina ya watu wake kwa uangalifu mkubwa namna ile hakuchagua vyeo vyao kwa kubahatisha. Kusadikika ina mfalme, naye ni Jeta. Ikiwa shabaha ya kitabu ilikuwa ni utawala wa kidhalimu tu, mfalme angalitosha. Kwa nini basi ni Waziri Mkuu anayesimama kumshitaki Karama? Kwa nini ghadhabu yote ya kitabu inamwelekea mtu wa pili katika nchi, ilhali mtu wa kwanza amebakizwa kuwa msikilizaji, tena msikilizaji ambaye mwishowe anasikia?

Swali hili huwa zito zaidi tukikumbuka mwaka wa kitabu. Mwaka 1951 Tanganyika haikuwa na Waziri Mkuu. Ilikuwa na gavana na mabaraza yake. Mtu wa kwanza kukichukua cheo hicho katika nchi yetu ni Julius Nyerere, mwezi wa Mei 1961, miaka kumi baadaye. Kwa hiyo Shaaban Robert hakumchora Majivuno kwa kumtazama jirani. Alimtoa katika hazina ya zamani zaidi, nayo ni hazina ya hekaya zilizofika pwani yetu kwa ulimi wa Kiarabu, ambamo mfalme huwa na hasira na huruma zake zinazopanda na kushuka kama maji ya bahari, na karibu naye huketi waziri, ambaye kazi yake ni kuyapeleka maneno ndani na kuyaleta nje.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa. Al-Mawardi, mwanasheria wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, alieleza katika kitabu chake cha hukumu za utawala kwamba wanazuoni walilitafutia neno waziri asili tatu. Wako waliolitoa katika neno lenye maana ya mzigo, kwa kuwa waziri humbebea mtawala uzito wa dola. Wako waliolitoa katika neno la kimbilio, kwa kuwa mtawala hukimbilia shauri lake. Wako pia waliolitoa katika neno la mgongo, kwa kuwa mtawala hupata nguvu kwake kama mwili upatavyo nguvu kwa uti wa mgongo. Mzigo, kimbilio, mgongo. Hakuna asili hata moja kati ya hizi inayomfanya waziri kuwa mdomo wa kushitakia.

Mawardi akaendelea kuwagawa mawaziri mafungu mawili: waziri aliyekabidhiwa mamlaka, akaamua kwa rai yake, na waziri wa utekelezaji, ambaye ni mjumbe tu baina ya mtawala na raia. Huyu wa pili alimwekea sifa saba: awe mwaminifu, awe mkweli wa kauli, awe na tamaa ndogo, asiwe na uadui na watu, awe na kumbukumbu nzuri ya yale anayoyafikisha kwa mtawala na yale anayoyatoa kwake, awe na akili nyepesi, na asiwe mfuasi wa matamanio ya nafsi. Naomba msomaji aitazame ile sifa ya kumbukumbu. Sisi leo tukiandika orodha ya maadili ya viongozi hatuwezi kuiweka humo. Tutadhani ni jambo la masijala. Mawardi aliiweka pamoja na ukweli na amana, kwa sababu alijua kwamba waziri anayesahau, hata kama hasemi uongo, amemwacha mtawala kipofu na raia bubu.

Sasa tumrudie Majivuno. Shaaban Robert hakumnyima ufasaha. Hapa ndipo penye ubora wa kitabu, na ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza, kwa kuwa wanamtarajia mwovu azungumze kama mwovu. Shitaka la Majivuno juu ya Karama limepangwa kwa lugha ya mtu anayeijua kazi yake: kwamba Karama anafundisha elimu ya uanasheria, elimu mpya isiyojulikana nchini, kwamba elimu hiyo itawatia watu ujasiri wa kuhoji, kwamba wakihoji, amani itavunjika. Kila kiungo cha hoja hii kimeungana na kingine. Kosa lake halimo katika mantiki, limo katika swali lenyewe. Mtu alikuwa na habari ya kuieleza nchi. Waziri Mkuu amelibadili jambo lile kutoka katika swali la kama habari ile ni kweli, akalifanya kuwa swali la kama mtu yule ni mtiifu. Likisha kubadilishwa hivyo, hakuna ushahidi unaoweza kumsaidia mshitakiwa, kwa sababu ukweli wa maneno yake umekuwa ndio ukubwa wa hatia yake.

Karama analielewa hili, na utetezi wake kwa siku sita ni kazi ya akili kubwa. Hajitetei hata kidogo kwa njia ya kawaida. Haleti mashahidi wa tabia yake wala haapi kwamba yeye ni raia mwema. Analeta habari za wajumbe sita waliotumwa huko nyuma kwenda pande sita, pande nne za dunia pamoja na mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuinufaisha nchi, wakatupwa gerezani. Kwa maneno mengine, anafungua jalada. Baraza lililokusanyika kumhukumu Karama linajikuta linasikiliza orodha ya taarifa ambazo Serikali ilizilipia kwa jasho la watu wake, ikazipokea, ikazifungia pamoja na walioziandika. Kesi ya mtu mmoja imegeuka kuwa ukaguzi wa Serikali. Ndiyo maana nasema kwamba Kusadikika kabla ya kuwa kitabu juu ya ukoloni ni kitabu juu ya namna Serikali inavyopokea taarifa. Na mwenye dhamana ya taarifa katika Serikali yo yote iliyo na cheo hicho ni Waziri Mkuu.

Majina ya wajumbe yanalithibitisha jambo hili. Wao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kwa kawaida tunayataja kama sifa za wajumbe, na kumbe ukiyasoma kwa upande wa pili ni sifa anazozikosa anayewapokea. Buruhani ni ushahidi ulio wazi, na ushahidi ndio unaofungwa. Kabuli ni kukubali, na hakuna wa kukubali. Ridhaa na Amini: radhi ya watu na imani yao, vitu ambavyo serikali haiwezi kuvitengeneza yenyewe bali hupewa. Gereza la Kusadikika lina ndani yake kila kitu ambacho ofisi ya Waziri Mkuu ilipaswa kuwa nacho mezani.

Yafaa tukumbuke kwamba mtu aliyeyaandika haya alikuwa karani. Shaaban Robert aliingia katika kazi ya Serikali ya kikoloni mwaka 1926, katika idara ya forodha, na maisha yake yote ya utungaji aliyaishi akiwa mtumishi wa ofisi. Karani haoni mfalme. Anaona majalada: lipi limekwenda juu, lipi limerudi, lipi limelala mezani kwa mkubwa mpaka vumbi likalifunika. Sidhani kwamba mwanasiasa angaliweza kukitunga kitabu hiki. Mwanasiasa angalimlaumu mfalme.

Hapa sina budi kuingia katika lugha ya zama zetu. Siku hizi neno maadili limekuwa neno la Serikali, na katika lugha hiyo limepungua mwili. Tunaposema kiongozi ana maadili, watu huelewa kwamba mikono yake ni safi: hakuiba, hakuhongwa. Hiyo ni maana njema, lakini si maana nzima. Adili asili yake ni haki na usawa; katika Kiarabu neno la mzizi huohuo hutumika kwa fungu moja la mzigo wa ngamia, linalolingana na fungu la upande wa pili ili mnyama asielemewe. Ikiwa waziri ni mbeba mzigo, uadilifu ni kuusawazisha. Mtu anaweza asiibe hata punje katika mzigo, na bado akaupakia upande mmoja mpaka ngamia akaanguka.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka Masharti ya Uongozi, na kila mwanafunzi anayajua: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yo yote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliyalegeza. Na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, namba 13 ya mwaka 1995, iliweka utaratibu mpya ambao sehemu yake inayojulikana zaidi na watu ni ile ya kutangaza mali na madeni. Sasa na tumpitishe Majivuno katika mizani hizi zote. Katika kesi ile Karama hamtuhumu kwa wizi. Hatuonyeshwi nyumba zake za kupangisha, wala hisa zake. Kwa yote tunayoyasoma juu yake, Majivuno angaliyapita Masharti ya 1967 bila taabu, na fomu ya 1995 angaliijaza kwa mwandiko mzuri. Naye ndiye Waziri Mkuu mbaya kuliko wote katika fasihi yetu.

Sisemi kwamba mizani ya mali ni bure. Nchi iliyowahi kuibiwa inajua thamani yake. Nasema kwamba Shaaban Robert alituwekea mizani ya pili, nasi hatukuitumia, na mfano wenye uchungu zaidi wa jambo hili unamhusu mtu anayeheshimiwa kuliko Mawaziri Wakuu wetu wengi.

Hayati Edward Moringe Sokoine alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, kuanzia 1977 mpaka 1980, na tena kuanzia 1983 mpaka ajali ya gari ya Dakawa, karibu na Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Watu walimlilia kwa dhati, na wanaendelea kumtaja kila uongozi unapowakera. Kwa mizani ya mali jina lake ni safi, na kuacha jina kama hilo ni jambo kubwa. Walakini mwaka 1983, katika vita vya kupambana na walanguzi na wahujumu uchumi ambavyo yeye ndiye aliyekuwa mbele yake, watu walikamatwa, kisha ikapitishwa sheria maalumu ya kuwahukumu. Chini ya sheria ile liliundwa baraza la pekee badala ya mahakama za kawaida. Mshitakiwa hakuwa na haki ya dhamana, na hakuruhusiwa kuwa na wakili.

Msomaji wa Kusadikika hawezi kulisoma sharti hilo la mwisho bila kushituka. Elimu ya uanasheria ndiyo hasa aliyoshitakiwa nayo Karama. Shaaban Robert alidhani ametunga nchi ya angani, isiyoweza kufikiwa ila kwa dhana. Na miaka thelathini na miwili baadaye, katika nchi iliyo ardhini kabisa, kwa nia njema na kwa shangwe ya watu waliokuwa wamechoka kupanga foleni za sukari na sabuni, mwanasheria aliwekwa nje ya mlango. Tofauti baina ya Sokoine na Majivuno ni kubwa, na ye yote atakayesema kwamba nimewalinganisha nafsi zao atakuwa amenisoma vibaya. Mmoja alichukia uhalifu, wa pili alichukia kuulizwa. Lakini mlango ni uleule, na aliyesimama nje yake ni yuleyule. Inatupasa kuongeza kwamba Bunge liliitengua sheria ile mwaka 1984 na kuweka nyingine, iliyozirudisha kesi hizo mbele ya majaji na kuwarudisha mawakili. Serikali ilisikia. Huo pia ni uadilifu, na sijui kwa nini hatuufundishi.

Nimekisifu kitabu, sasa nitaje udhaifu wake, maana upo, nao si mdogo. Kitabu kinachoitukuza sheria kinamalizika kwa hisani. Karama anaachiliwa na wajumbe wanafunguliwa kwa sababu mioyo ya waliokuwa wakihukumu imelainika kwa maneno yake. Haionekani kanuni yo yote iliyowalazimisha. Laiti Jeta angaliamka siku ile na maumivu ya kichwa, Karama angalikufa pamoja na hoja zake zote. Wala kitabu hakionyeshi njia ambayo nchi inaweza kumwondoa Waziri Mkuu aliyeshindwa kazi. Shaaban Robert aliamini nguvu ya maneno fasaha kuliko ilivyostahili, na mimi nadhani hilo ni kosa la kawaida la washairi wanapoandika juu ya dola.

Katiba yetu ya mwaka 1977, kama ilivyo baada ya mabadiliko yake, imejaribu kuliziba pengo hilo. Waziri Mkuu huteuliwa na Rais, lakini hathibitiki mpaka Bunge limkubali; amepewa madaraka juu ya udhibiti, usimamizi na utekelezaji wa shughuli za kila siku za Serikali; na ibara ya 53A inaliruhusu Bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani naye. Kwa istilahi za Mawardi, yeye ni waziri wa utekelezaji, wala si wa kukabidhiwa mamlaka yote; lakini ni mtekelezaji mwenye kulijibu Bunge, na Alhamisi Bunge linapokutana huulizwa maswali ya papo kwa papo. Majivuno hakupata kuulizwa swali na mtu asiye mshitakiwa.

Pengo likizibwa upande mmoja hufunguka upande mwingine. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge chini ya uenyekiti wa Harrison Mwakyembe ilitoa taarifa juu ya mkataba wa umeme wa dharura uliofanywa mwaka 2006 na kampuni ya Richmond. Tarehe 7 ya mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama Bungeni mjini Dodoma akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri wawili walijiuzulu pamoja naye, na Baraza zima likavunjwa. Katika maneno yake ya siku ile alilalamika kwamba Kamati ilimtaja bila kumwita na kumsikiliza.

Tazameni jinsi meza ilivyopinduliwa. Katika Kusadikika raia anapewa siku sita za kujieleza mbele ya Waziri Mkuu anayemshitaki. Katika Dodoma ni Waziri Mkuu anayesema hakupewa hata saa moja mbele ya wawakilishi wa raia. Watu wengi walimcheka, kwa kuwa mkubwa akiomba haki husikika kama anayeomba upendeleo. Nionavyo mimi, lalamiko lake lilikuwa la haki, na kuondoka kwake kulikuwa kwa haki vilevile, na mambo haya mawili hayatanguani. Ye yote anayetajwa kwa kosa hana budi asikilizwe; Karama mwenyewe angalimsimamia katika hilo, tena bila kumwuliza cheo chake. Lakini kiti cha Waziri Mkuu hakingoji hukumu ya mahakama ndipo kiachwe. Aliyekubali kuwa mgongo wa dola amekubali kuinama dola inapoelemewa, hata kama si yeye aliyeufunga mzigo. Hukumu ya hatia yataka ushahidi usio na shaka. Dhamana ya ofisi yataka jambo moja tu, nalo ni kwamba mambo yalipita chini ya jina lako.

Katika fasihi yetu hatuna bado kitabu kinachoweza kuuchukua mchanganyiko huo. Majivuno hawezi kulalamika kwa haki, kwa sababu jina lake limekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa. Waziri Mkuu anayeitwa Majivuno hana la kuchagua. Na pasipo kuchagua hapana uadilifu wala ukosefu wake, pana jina tu. Wahakiki hutetea majina haya kwa kusema kwamba ndiyo desturi ya istiari, nami nakubali, lakini gharama ya desturi hiyo ni kwamba tunamtambua mwovu haraka mno. Mawaziri Wakuu wa kweli wana majina ya babu zao.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Miezi mitano tu kabla ya hapo, tarehe 22 Januari, Nyerere aliuacha uwaziri mkuu alioushika tangu kabla ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama vijijini. Mtungaji wetu aliishi kuona cheo alichokiweka angani kikishushwa katika mji wa Dar es Salaam, kikashikwa na mtu, kisha mtu huyo akakiweka chini kwa mkono wake mwenyewe. Hakupata muda wa kukitunga kitabu hicho.